Kashata Nyekundu za Merigi

Kila Jumamosi, umande ukiwa bado haujakauka, Nelvine na nyanya yake walikuwa shambani wakichuma chai. Nyanya huyo aliitwa Tecla, lakini kijiji kizima kilimwita Kogo, ambalo ndilo jina la heshima la nyanya kwa Kikipsigis. Mamake Nelvine alifanya kazi katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo walichuma wawili, Kogo mstari huu, Nelvine mstari ule, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vikapu vijae.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1995 mbwa alibweka kwa hasira. Mwanamke ambaye hawakumjua alikuwa amesimama penye ua, kitambaa kichwani, mtungi mtupu wa plastiki mkononi.

"Chamgei," alisalimu kwa shida, kama mtu aliyejifunza neno hilo njiani.

"Chamgei mising," Kogo aliitikia bila kuacha kuchuma.

"Mimi naitwa Nyathira, shosho," alisema, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Nimekodi chumba hapo Merigi, nyuma ya poshomili ya kusaga mahindi. Nimeambiwa mna mizinga. Natafuta asali."

Nelvine alidakia kabla Kogo hajajibu. "Asali kiasi gani?"

"Yote mliyo nayo."

Yote? Nelvine alimtazama vizuri. Kwao, mtu aliyetaka asali yote alikuwa na mpango wa kupika pombe. Tena mwanamke huyu alitoka mbali, lafudhi yake ilisema hivyo. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu zile vurugu za makabila wakati wa uchaguzi, na mgeni alitazamwa mara mbili alipokuja, na mara ya tatu alipogeuka kwenda.

Kogo alimpeleka mgeni nyumbani. Nelvine alibaki, lakini mikono ilikataa kuchuma. Alinyata kati ya mistari ya chai hadi karibu na jikoni, akainama. Hakuona kitu. Alisikia tu karatasi ikikunjuliwa.

"Onja, shosho," mgeni alisema, "kisha uniambie."

Nelvine akasikia kitu kikitafunwa. Kisha Kogo akapaza sauti kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuitumia nyumbani hata siku moja, ila sokoni kwa wageni.

"Ni damu! Ni damu kabisa!"

Nelvine alinyanyuka. Alirudi mbio mahali pake. Mgeni alipoondoka na mtungi umejaa, Kogo alikuja akijipangusa midomo kwa ncha ya shuka.

"Kogo, amekupa nini yule?"

"Hakuna kitu," Kogo alijibu, huku mkono mmoja ukisukuma kitu fulani ndani zaidi ya shuka. "Si cha watoto. Chuma chai."

Kogo hakuwa mtu wa kuficha. Ndiyo maana Nelvine aliogopa zaidi.

*

Jumatatu alimnong'oneza Kipkurui, jirani yake wa dawati katika darasa la saba. Kipkurui alikuwa mkimbiaji hodari, na mdomo wake ulikimbia kuliko miguu.

"Damu? Wacha!" Kipkurui alitoa macho. "Ndiyo maana anapika mlango umefungwa! Mimi nimepita pale. Kuna moshi, na harufu tamu tamu, ile ya kuvuta watu."

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Nani atanisikia?"

Kufikia mapumziko, darasa la nne walikuwa wanajua. Ndipo Nyathira mwenyewe akatokea langoni na sinia. Vipande vya kashata vilikuwa vimepangwa juu ya karatasi safi, vinang'aa, vyekundu-kahawia. Ile rangi ilimaliza maneno.

"Karibuni, watoto wangu. Mwalimu Johana ameniruhusu. Ni njugu, simsim, soya..."

"Na ingine je?" sauti ilitoka nyuma.

Vicheko vikazuka, kisha watoto wote wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Walikwenda kwa muuzaji wa barafu za rangi na peremende, kama kila siku. Nyathira alisimama na sinia lake mpaka kengele ilipolia. Nelvine alimwona akifunika kashata zake moja moja, taratibu. Moyo ulimuuma kidogo, lakini akajiambia: mtu mbaya naye hujua kuonekana mnyonge.

Jumatano jioni wanariadha walifanya mazoezi. Jumamosi ingekuwa siku ya mashindano kule Mulot, na Nelvine ndiye aliyetegemewa katika mbio za wasichana za mita elfu moja na mia tano. Siku hiyo alizunguka uwanja mara mbili, halafu nyasi zikaanza kuzunguka zenyewe. Alijikuta amelala chini, Mwalimu Johana akimpepea kwa kofia.

"Toa ulimi," mwalimu alisema. Nelvine akautoa. "Kijani! Mchana ulikula nini?"

"Barafu, Mwalimu. Na peremende."

"Hiyo ni rangi na sukari. Inakusukuma hatua chache, kisha inakuacha njiani. Ndiyo sababu nilimwomba yule mama atuletee kashata. Njugu na soya zina protini ya kujenga misuli. Mbona hamzitaki?"

Wakimbiaji wakatazama viatu vyao, wale waliokuwa na viatu.

"Kipkurui?"

"Mwalimu, zile ziko na... hapana. Hakuna, Mwalimu."

*

Alhamisi baada ya shule Kipkurui alisema, "Twende tukaone kwa macho. Ama unaogopa?"

Wakaenda. Chumba cha Nyathira kilikuwa cha mabati, na kwenye kona moja bati lilikuwa limeachana na nguzo. Nelvine aliweka jicho. Juu ya jiko la makaa kulikuwa na sufuria. Ndani yake kitu kizito, chekundu-kahawia, kilichemka polepole na kutoa mapovu. Nyathira alikikoroga kwa mwiko, akainua mwiko, na kile kitu kikadondoka kwa uzi mrefu.

"Umeona nini?" Kipkurui alinong'ona. "Umeona nini?"

"Damu."

Kipkurui hakungoja neno la pili. Alipotimka, mguu wake uliangusha debe tupu, nalo likalia kama ngoma. Mlango ukafunguliwa. Nelvine alitaka kukimbia pia, lakini sweta yake ilikuwa imenaswa na msumari.

"Ni wewe," Nyathira alisema. "Mjukuu wa yule shosho wa asali." Aliinasua sweta bila kuichana. "Ingia. Mlango nitauacha wazi. Nyumba ni hii, hakuna ingine."

Nelvine aliingia hatua moja tu.

"Niambie ukweli, mtoto wangu. Watoto wanasema nini juu yangu? Mwenye nyumba, Noah, amenipa mpaka Jumamosi nihame. Nikamuuliza kwa nini, akasema, 'Wewe unajua.' Mimi sijui! Kila kitu changu kimo humu. Nikitolewa hapa, sina pa kuanzia tena."

"Wanasema kashata zako zina damu."

"Damu!" Nyathira aliketi juu ya kigoda. "Nani alisema hivyo?"

"Ni Kogo. Ulipompa aonje. Nilimsikia mimi mwenyewe. Alisema, 'Ni damu kabisa.'"

Nyathira alimkodolea macho. Kisha bega moja likatikisika, likafuata la pili, akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu Nelvine akagundua kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Mtoto wangu, shosho alikuwa anatabasamu hadi ufizi. Alipopima asali aliniuliza, 'Unadaka mdungi ujae?' Unadaka! Sasa niambie, mtu anayesema 'unadaka', akila kitu kitamu atasema nini?"

Nelvine alikumbuka jinsi Mwalimu Johana alivyolisahihisha darasa zima mara nyingi kwa sababu ya "dafadhali" na "tarasa". Kogo, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, nani wa kumsahihisha?

"Ni tamu," alisema polepole. "Alitaka kusema, ni tamu kabisa."

"Usimcheke. Hata sisi kwetu ulimi una mambo yake. Nikiwa mdogo nilimwambia mwalimu, 'Nimekura wari.' Waliniita Wari mpaka nikamaliza shule." Alijipangusa macho. "Haya, nawa mikono uje uone hiyo damu."

Kwenye meza kulikuwa na bakuli za njugu zilizokaangwa na kumenywa, simsim, soya iliyokaangwa ikapondwa, na unga wa wimbi.

"Wimbi!" Nelvine alisema. "Kama wa kupikia ugali wetu."

"Huo ndio unaoipa rangi. Ndani ya sufuria ni asali ya nyanya yako na wimbi. Basi. Hakuna kitu hapa ambacho hukijui."

Nelvine alionja. Njugu zilivunjika mdomoni, asali ikaja nyuma, na ladha ya wimbi ikabaki mwisho, kama nyumbani. Sasa alielewa ni kitu gani Kogo alikuwa akikificha ndani ya shuka, na kwa nini.

Nelvine alitoa peremende ya chungwa mfukoni mwake, akailinganisha na kashata. Nyathira aliichukua, akainyoosha karatasi yake. "Nisomee. Macho yangu hayafiki."

"Sukari. Rangi. Ladha ya chungwa." Nelvine aligeuza karatasi. "Chungwa lenyewe halipo."

"Ukila moja siku ya sikukuu haitakuua. Lakini tumbo likiwa tupu na una mbio za kukimbia, chagua kile ambacho ukiuliza kimetengenezwa na nini, utajibiwa kwa majina ya vitu vinavyomea shambani."

Nelvine alitazama masanduku mawili yaliyokuwa tayari yamefungwa kamba kando ya kitanda.

"Usihame," alisema. "Noah yuko wapi?"

"Ameenda Soin kununua mahindi. Atarudi Jumamosi asubuhi, na anataka funguo zake saa hiyo."

"Nitakuja na Kogo aseme mwenyewe. Na mimi nitasema ni nani aliyeeneza. Jumamosi asubuhi. Nakuahidi."

Maneno yalikuwa yametoka kabla hajakumbuka Mulot.

*

Jumamosi Kogo alitembea kwa fimbo, maana magoti yake hayakupenda mteremko, na njia ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku. Nelvine, aliyekuwa amemweleza kila kitu, alimshika mkono. Walikuwa hawajafika barabarani waliposikia nyimbo. Lori la mashindano lilikuwa linakuja, limejaa wanafunzi. Likasimama.

"Nelvine!" Mwalimu Johana alitoa kichwa dirishani. "Tumekungoja shuleni! Panda haraka!"

"Panda, bwana!" Kipkurui alipiga kelele kutoka nyuma. "Nani atakimbia mbio zako?"

"Siwezi, Mwalimu. Kuna mtu nimemwahidi. Akingoja mpaka jioni, atakuwa ametolewa nyumbani kwake. Na kosa ni langu."

Kogo alimwachia mkono. "Nenda, mtoto. Nitashuka mwenyewe."

Nelvine alitazama lori. Tangu mwaka uliopita alikuwa ameziota mbio zile. Aliutazama pia mteremko, fimbo, na magoti ya Kogo. Akaushika mkono wa nyanya yake tena.

"Chepkemoi anaweza kukimbia nafasi yangu, Mwalimu. Ana pumzi."

Mwalimu Johana aliitikia kwa kichwa, na lori likaondoka na nyimbo zake.

Nje ya poshomili, Noah alikuwa anashusha magunia. Wanawake waliokuja kusaga walikuwa kwenye foleni, na Nyathira alikuwa amesimama mlangoni pake na masanduku yake. Kogo alianza moja kwa moja kwa Kikipsigis, akasimulia habari ya asali na ya kipande alichoonjeshwa. Kisha Nelvine akasema ni yeye aliyesikia vibaya na kunong'ona.

Noah alijikuna kidevu. "Hebu sema kwa Kiswahili, Kogo, vile ulivyosema siku hiyo. Huyu mama naye asikie."

Kogo alijinyoosha, akasafisha koo. "Nilisema, ni damu! Hata sasa nasema, ni damu kuliko sukari!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mwanamke mmoja aliangusha debe lake la mahindi. Noah alicheka mpaka akashika gunia asianguke.

"Wacheni kucheka," alisema mwishowe. "Hata mimi ningesema tamu, mngesikia damu. Mama Nyathira, nipe kipande kimoja cha kashata nionje." Alitafuna, akatafuna tena. Kisha alibeba sanduku moja akalirudisha ndani mwenyewe. "Nilikuhukumu bila kukuuliza. Mtu mzima kama mimi! Nisamehe."

Kogo alimgeukia mjukuu wake. Hakucheka sasa.

"Kushuku si dhambi, Nelvine. Ng'ombe hunusa majani kabla ya kula, naye ana akili. Lakini akishanusa, hula au huacha. Haendi kuwaambia ng'ombe wengine kwamba majani yana sumu. Chakula, ulizia kimewekwa nini. Na mtu ni vivyo hivyo, muulize yeye mwenyewe. Neno ambalo hujalithibitisha ni afadhali ulitafune kuliko ulitoe."

"Ndiyo, Kogo."

Kogo alikaa kwenye gunia kupumzika, akaomba kipande kingine bila aibu yoyote. Nyathira alimpa, kisha akamtazama Nelvine.

"Shosho anasema leo ulikuwa na mbio."

"Ndiyo."

"Ungemtuma mtu. Mbona hukwenda?"

Mbali, upande wa Mulot, hakukuwa tena na sauti ya lori. Nelvine alitazama barabara tupu, kisha akamgeukia Nyathira.

"Nilikuambia nitakuja."

Nyathira alivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akakiweka karibu na jiko ili Nelvine aketi.