Jibu la Mwewe

"Shemeji, njoo huku haraka. Mwewe hashuki."

"Hashuki vipi?"

"Tunamwita kwenye redio hajibu. Mkono mmoja unaning'inia dirishani."

Nilikata simu ya msimamizi wake wa kazi, nikafunga duka langu la dawa bila hata kuzima taa. Mwewe ni mchumba wangu. Anaendesha kreni kwenye jengo la ghorofa ishirini, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu anashinda juu huko. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki mbili.

Walimshusha kwa kamba, kafungwa kwenye machela. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Hospitali, daktari alinivuta pembeni.

"Ni kiharusi. Presha yake ni mia mbili ishirini kwa mia thelathini. Dawa hatumii?"

"Anatumia, daktari! Nampima mwenyewe kila Jumapili, haizidi mia thelathini kwa themanini. Mimi nauza dawa, hayo nayajua!"

Nilimjibu kwa jeuri, Mungu anisamehe. Yule msimamizi alikuwa nyuma yangu, anaigeuzageuza kofia yake mikononi.

"Shemeji, usinikasirikie. Siku za kazi huwa hamezi."

"Unasemaje?"

"Ile dawa inamkojosha. Kushuka ngazi zile robo saa, kupanda zaidi ya hapo, na huku kazi imesimama. Vijana wakaanza kumtania, 'Mwewe kibofu huyo anashuka!' Basi akawa anameza Ijumaa akishatoka kazini, kisha Jumamosi na Jumapili. Jumatatu anaacha."

Miezi minane nampima siku ambayo ameshameza na kupumzika, namba zinapendeza, nambusu, najiona mjanja. Kumbe najipumbaza mwenyewe!

Wodini mama yake alikuwa anampepea kwa kanga.

"Mwanangu, usimgombeze. Anasikia kila kitu."

Nilimgombeza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ai... bu."

"Aibu ya mkojo? Kwangu mimi? Daktari angekubadilishia dawa! Zipo ambazo hazikukimbizi chooni, ziko kwenye rafu yangu, nawauzia watu nisiowajua hata sura! Ungesema neno moja tu!"

"Kichwa... hakikuuma."

"Mara ngapi nimekwambia presha haina dalili? Mara ngapi, wewe mwanaume?"

Chozi likamtoka kwenye lile jicho zima.

"Ni... samehe."

Jamani, ningesema ndiyo. Neno lenyewe lina ugumu gani? Lakini moyo ulikuwa unaniwaka, nikaona akinipata kirahisi hivi, nikishaolewa atanidanganya tena.

"Miezi minane umenificha, leo nikusamehe kwa dakika moja? Jibu utalipata kesho."

Nikachukua pochi yangu, nikatoka. Hata ngazi sikuzimaliza. Hasira zikaniishia hapo hapo, nikakaa chini nikalia kama mtoto, kisha nikapanda tena. Mlinzi akaniwekea mkono mlangoni.

"Dada, muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

"Neno moja tu, kaka yangu."

"Njoo asubuhi, utamwambia yote."

Asubuhi nilikoroga uji mwepesi usio na chumvi hata punje, nikamtumia mama ujumbe: "Mama niko njiani. Mwambie jibu lake nakuja nalo."



Mama nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, kanga kaikunja mapajani.

"Kiharusi kimemrudia tena, mwanangu. Alfajiri. Hatunaye."

Chupa ya uji ilinitoka mkononi.

"Mama, alisema chochote? Niambie, alisema nini?"

Alinishika mkono, akanivuta nikae.

"Hakulala. Kila akifumbua macho ananiuliza, 'Mama, ni kesho?' Mimi namwambia bado, mwanangu, lala."