Swali la Vituo Vinane

Wiki ya makadirio ya bajeti, duka la fotokopi linalotazamana na geti la Bunge huwa halina pa kuweka mguu. Mashine zinanguruma, karatasi zinatoka zikiwa za moto, na makarani wa kila wizara wanasukumana kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure.

Asubuhi hiyo foleni ilifika barabarani. Mbele kabisa alisimama mwanadada mwenye sketi nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa, kalamu nyekundu ameichomeka kwenye nywele, mkononi ana kurasa mbili tu. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati lake lina doa la kijani kwenye mfuko, chupa zikigongana ndani ya begi lake kila akijitikisa.

"Samahani dada yangu, naomba unipishe," alisema kijana. "Nina nakala arobaini, na bosi wangu anaingia kikaoni saa nne."

Mwanadada aligeuka taratibu. "Mwenye nakala arobaini ampite mwenye kurasa mbili? Hesabu hiyo umesomea wapi, kaka?"

"Mimi si mtu wa hesabu. Ni mkemia."

"Basi changanya dawa ya subira, unywe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana naye akacheka, tena kuliko wote, na hicho ndicho kilichomponza mwanadada. Alizoea wanaume wanaonuna wakitaniwa. Kurasa zake mbili zilipotoka hakuondoka. Alijikuta amesimama mwisho wa meza akimsaidia kupanga na kubana zile nakala arobaini, na vidole vyao vikigusana mara moja, mara mbili, mara ya tatu si kwa bahati mbaya.

"Nipe namba yako ya simu," alisema kijana.

"Mbele ya mashahidi wote hawa?"

"Ndiyo, ili usije ukakana."

Alimpa. Jioni simu ikalia, na tangu siku hiyo ikawa inalia kila jioni. Yeye akamwita kijana Chupa, kwa ajili ya begi lile la chupa za sampuli. Chupa akamwita Kalamu. Walikutana Jumamosi na Jumapili, wakatembea mji mzima kwa miguu, wakagombania mbegu za mwisho za karanga, wakajiwekea sheria moja: kazi inaachwa mlangoni.

Sheria hiyo ilikuwa na maana yake. Chupa alifanya kazi kwenye maabara ya maji ya Mamlaka ya Mazingira. Kalamu alikuwa mchambuzi wa bajeti Bungeni. Alipekua makadirio ya taasisi za serikali ili wabunge wajue cha kuuliza. Wakati huo alishughulikia hospitali, kwa hiyo hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, mchambuzi wa Kamati ya Mazingira akaenda likizo ya uzazi. Jumatatu moja faili nene likatua mezani kwa Kalamu. Alisoma maneno ya juu: Mamlaka ya Mazingira.

Kanuni ilikuwa wazi. Alitakiwa kuinuka saa ile ile, aende kwa Mwenyekiti wa Kamati, aseme ana mtu wake pale. Hakwenda. Alijiambia ni wiki chache tu, kwamba Chupa ni mtu wa maabara, hahusiki na bajeti. Akafungua faili.

Hadi Ijumaa alikuwa amegundua jambo. Mamlaka iliomba fedha za kuendesha vituo kumi na viwili vya kupima maji ya mto unaopita katikati ya mji. Vipimo vya kila robo mwaka vilikuwa vimeambatanishwa. Katika vituo vinne, namba zilipanda na kushuka kama maji yenyewe. Katika vinane, zilikuwa zile zile za robo iliyotangulia, nukta imesogezwa kidogo tu. Chini ya jedwali palikuwa na sahihi: mstari mmoja na ndoano, haisomeki. Kalamu akaandika swali la kumi na saba, kuhusu vituo hivyo vinane, akalipeleka masjala, likagongwa muhuri.

Jumapili mchana walikaa kwenye ngazi za maktaba kuu. Chupa hakugusa karanga.

"Leo navunja sheria yetu," alisema. "Imenikaa kooni, mpenzi. Nisiposema nitapasuka."

"Chupa, usi..."

"Tuna vituo kumi na viwili mtoni. Vinane vimekufa tangu mwaka juzi. Mashine nyingine zimeungua, nyingine zimeng'olewa. Lakini kila mwaka tunaviombea fedha vyote, na ili ionekane vinafanya kazi, lazima vipimo viwepo."

Kalamu alijua swali linalofuata, na alijua hapaswi kuliuliza. Likamtoka. "Nani anaviandika?"

Chupa alitazama viatu vyake. "Mkurugenzi Mkuu aliniambia nichukue vya robo iliyopita, nisogeze nukta. Nikakataa. Akanikumbusha mkataba wangu unaisha Juni. Nikaandika. Mara mbili. Sahihi ni yangu."

Kalamu aliiona tena ile sahihi. Ile ndoano. Ameitazama wiki nzima bila kujua ni ya nani.

"Sema kitu basi," Chupa alimsihi. "Hata nitukane."

"Siwezi kusema kitu."

"Unaniogopa?"

"Nakupenda. Lakini siwezi kusema kitu. Usiniulize kwa nini."

Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, alikuwa mlangoni kwa Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani.

"Mheshimiwa, nina la kukiri. Nina mchumba Mamlaka ya Mazingira, na faili lao ninalo mimi."

"Tangu lini?"

"Mchumba, miezi minne. Faili, wiki moja."

"Basi umechelewa wiki moja, mwanangu." Mwenyekiti alivaa miwani. "Swali la kumi na saba uliliandika kabla hajakuambia lolote, au baada?"

"Kabla. Masjala wana muhuri wa Ijumaa. Yeye ameniambia jana. Na aliyoniambia ni yake ya kusema, mheshimiwa, si yangu."

Mwenyekiti alinyoosha mkono. "Faili utaliacha hapa. Utapewa barua ya onyo, na utahamia chumba cha kumbukumbu rasmi, ukaandike yanayosemwa vikaoni. Na sikia vizuri: mpaka kamati imalize kazi, usimdokeze huyo kijana hata neno moja kuhusu faili wala swali. Ukimtahadharisha, mmekwisha wote wawili."

Alhamisi kamati ikauliza. Mkurugenzi Mkuu, mwenye suti ya kijivu na tai iliyonyooka kama rula, hakutingishika. Alisema kuna kijana mmoja wa maabara aliyekuwa akibuni vipimo kichwani mwake, na kwamba uongozi ulikuwa tayari unamchukulia hatua. Saa sita mchana Chupa alikuwa na barua ya kusimamishwa mkononi. Saa sita na dakika tano akapiga simu.

"Umeniuza."

"Chupa, nisikilize..."

"Nimekuambia Jumapili, leo Alhamisi linaulizwa kamatini! Vituo vinane! Hata idadi hukukosea!"

"Si hivyo unavyofikiri."

"Basi ni vipi? Niambie."

Kalamu aliegemea ukuta wa ukumbini. Alikuwa na jibu zima ulimini, tarehe na muhuri. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Na mimi nilidhani nazungumza na mpenzi wangu, kumbe nilikuwa natoa ushahidi." Akakata. Kalamu alipiga tena, akapiga tena. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Zilipita wiki mbili. Chupa aliishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa wa chini, pale mto unapotoka viwandani ukiwa na povu la rangi ya chai. Kutwa alilala kwenye kochi akitazama dari. Siku moja dereva wa ofisini akaleta bahasha. Ndani mlikuwa na tamko la kuweka sahihi, kwamba vipimo vile vilikuwa makosa ya uchapaji yaliyofanywa na yeye kwa uzembe wake, na barua nyingine isiyo na sahihi bado: mkataba mpya wa miaka mitatu.

Dada aliisoma bahasha, cherehani ikiwa kimya.

"Kwa hiyo ukisaini unarudi kazini."

"Ndiyo. Na kamati imeniita Jumatano kuapa mbele yao. Mkurugenzi anataka niseme haya haya."

"Mdogo wangu, mimi mambo ya bajeti siyajui. Ila wateja wangu watatu mwezi huu wameleta watoto wenye vipele mpaka kwenye kope. Wanaoga maji ya mto, wanaambiwa yamepimwa, hayana neno. Nani anayesema hayana neno?"

Chupa alirudisha karatasi ndani ya bahasha.

"Na jingine. Wifi yangu, ulimuuliza au ulimhukumu?"

"Nilimuuliza. Akasema hawezi kusema."

"Mtu mwongo hakosi la kusema," alijibu dada, akakanyaga cherehani.

Jumatano ukumbi wa kamati ulijaa hadi kwenye dirisha. Chupa aliingia na shati jeupe alilonyooshewa na dada yake, bahasha mfukoni. Jicho lake lilimwona Kalamu kabla ya mtu mwingine yeyote: meza ndogo ya pembeni, vifaa vya kusikilizia masikioni, vidole juu ya vitufe. "Amekuja kunitazama nikizama," aliwaza. Hakujua kwamba siku hizi hiyo ndiyo kazi yake. Kalamu hakuinua uso. Alikuwa akiomba kimoyomoyo apewe shahidi mwingine yeyote duniani.

Chupa aliapa. Mwenyekiti akauliza, "Vituo vingapi vinafanya kazi?"

Mkurugenzi Mkuu, aliyekaa nyuma yake hatua mbili, alikohoa. Chupa alishika bahasha. Aliiona karatasi, akaona kope za watoto wasiomfahamu.

"Vinne, mheshimiwa."

Ukumbi ukanong'ona. Vidole vya Kalamu vikagonga: vinne.

"Na vipimo vya vile vinane?"

"Niliviandika mimi, kwa amri ya Mkurugenzi Mkuu. Nilijua ni uongo. Niliweka sahihi mara mbili. Na hii hapa ni barua niliyoletewa juzi ili nije niseme ni makosa ya uchapaji." Akaiweka bahasha mezani.

Mkurugenzi alisimama, tai imekwenda upande. "Mheshimiwa Mwenyekiti! Shahidi huyu ana mpenzi humu humu ndani ya ofisi ya Bunge, mji mzima umewaona wakitembea! Wamepanga hila hii pamoja. Muulizeni kama nasema uongo!"

Kalamu aliandika na hilo pia, kila neno, macho yakimwuma.

"Shahidi," Mwenyekiti alisema, "ulimwambia mtu yeyote wa ofisi hii kuhusu vituo?"

"Ndiyo. Jumapili ile kabla ya kikao chenu."

"Basi iingie kwenye kumbukumbu kwamba swali la kumi na saba liliwasilishwa Ijumaa, siku mbili kabla. Na kwamba mchambuzi aliyeliandika alikuja kwangu Jumatatu, akatangaza uhusiano wake, akaondolewa kwenye faili, akapewa onyo na amri ya kutozungumza. Kwa ninavyojua, ameitii."

Chupa aligeuka. Hakujali tena ukumbi wala kiapo. Kule pembeni, machozi yalikuwa yakidondoka juu ya vitufe, na vidole havikusimama.

"Uhusiano huo bado upo?" aliuliza mbunge mmoja kutoka nyuma.

"Swali hilo halimo kwenye makadirio," Mwenyekiti alianza, lakini Chupa alikwisha kufungua kinywa.

"Nimeapa, nitasema. Mimi bado nampenda. Yeye sijui. Nilimfungia simu."

Kicheko kikalipuka, na kicheko nacho, kwa mujibu wa kanuni, kikaandikwa.

Kamati ilizuia fedha za vituo vyote vinane hadi vitengenezwe na kukaguliwa, mkurugenzi akakabidhiwa kwa wakaguzi, na maji ya mto yakaamriwa yapimwe upya na watu wa nje. Chupa naye hakunusurika. Aliyeweka sahihi ameweka sahihi. Mkataba wake hautaongezwa. Aliambiwa hayo jioni hiyo hiyo, ukumbini, na mtu aliyempa pole huku akitazama saa.

Kisha akaitwa chumba cha kumbukumbu, kwa kuwa shahidi hupewa maneno yake ayahakiki. Kalamu alikuwa peke yake, kurasa ishirini na mbili mbele yake.

"Kaa," alisema. "Ukiona kosa, sema."

"Kosa nimeliona kabla ya kusoma. Nilikuhukumu. Nisamehe, Kalamu."

"Na mimi nisamehe ile wiki moja. Ningekwenda kwa Mwenyekiti siku ya kwanza, usingenisikia nikisema siwezi." Alivuta pumzi. "Ile simu ilinikata maini."

"Sasa sina kazi."

"Nina barua ya onyo. Kwa hiyo usijione wa maana sana."

Chupa alicheka, sauti ikakatikia njiani. "Basi nikuoe, kabla hawajatumaliza wote wawili."

"Unaniposa ndani ya ofisi ya serikali, saa za kazi?"

"Ndiyo."

Kalamu alifuta macho yaliyokuwa bado mekundu. Kisha akamsogezea ukurasa wa kwanza. "Soma. Nina kurasa za kupeleka."

Walisoma zote, bega kwa bega, bila kuruka hata moja. Yeye akifuatisha mistari kwa kidole, Chupa akisema sawa, sawa, sawa, jasho likimtoka kuliko lile la mbele ya kamati. Kalamu alizipanga, akazibana, akazikumbatia kifuani, akafika mlangoni.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Sirudii. Chumba hiki huandika neno mara moja tu."

Akatoka na kurasa zake, visigino vikigonga sakafu ya ukumbi, mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.