Kichwa cha Saba

Ndege ndogo ya kutoka Lodwar ilitua Kitale saa tisa na nusu, na rubani akatuambia tushuke. Mvua ilikuwa imefunga Nairobi.

"Mko na saa mbili," alisema Jelagat, msichana wa orodha ya abiria. "Tembeeni, muone mji. Saa kumi na moja na nusu muwe hapa. Giza likiingia haturuki."

Sikuwa nimewahi kukanyaga Kitale. Miezi mitano nilikuwa Turkana nikichimba visima, na siku nne zilizopita mke wangu Nyambu alikuwa amejifungua msichana. Tulimpa jina la mama yangu, Nyaruai. Nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, amekunja ngumi kama mtu anayedai haki yake.

"Usije na hayo manywele," Nyambu alinitania asubuhi hiyo. "Mtoto atalia mpaka Pasaka."

Kwa hivyo nikatafuta kinyozi.

Bodaboda iliniacha Matisi. Kinyozi wa kwanza, stima zilikuwa zimepotea. Wa pili alikuwa amefunga. Nikakata kona nyuma ya maduka, nikapita ua wa mabati, na hapo nikawaona. Benchi refu. Watu sita wamekaa, wamenipa mgongo. Mwanamke mwenye wembe alikuwa akimalizia kichwa cha sita. Hakuna mashine, hakuna kioo. Karai la maji, kipande cha sabuni, na nywele zikianguka kwenye jani la mgomba.

Kinyozi wa nje, nikawaza. Huyu hata stima hazihitaji.

Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kando ya benchi. Kofia ya sufu ilikuwa imemfunika hadi nyusi, na alikuwa akihema kama aliyekimbia. Aliona begi langu. Akaona kichwa changu.

"Karibu, ndugu. Unataka kunyolewa?"

"Nina haraka. Ni pesa ngapi?"

"Pesa ya nini, bana? Si ukae tu. Nafasi ni hiyo."

Mwanamke akageuka ghafla. "Makokha! Wacha!"

Lakini nilikuwa nimeshakaa.

Wale sita walinitazama. Macho mekundu. Hakuna aliyesalimu. Mmoja alitema mate, karibu sana na kiatu changu.

"Mnyoe, Nakhumicha," Makokha alisema. "Amekaa mwenyewe. Mmeona wote, amekaa mwenyewe."

Wembe ukagusa paji langu. Baridi. Maji yakanitiririka shingoni. Hapo ndipo nilipoona, nyuma ya nyumba, udongo mwekundu uliorundikwa. Mbichi. Juu yake msalaba wa mbao ulioandikwa jina kwa rangi nyeupe. Mukhisa.

Nilitaka kuinuka.

"Usiinuke," alininong'oneza. "Ukiinuka nusu ni mbaya zaidi."

"Hii ni nini?"

"Siku ya tatu. Tunamnyolea ndugu yetu."

"Hata kwetu kuna matanga, dada. Mbona mnanichukia hivi?"

Wembe ukapita. Kwaa. Kwaa. Kwaa.

"Kwingine kunyoa ni kuomboleza tu. Hili boma letu lina neno lake. Aliyekufa hukaa na yule wa mwisho kunyolewa. Kwa hivyo sisi hukimbilia benchi. Makokha alichelewa kutoka Misikhu, wa mwisho angekuwa yeye." Akasuuza wembe. "Sasa ni wewe. Na hawakuchukii wewe. Wanaogopa kilicho nyuma yako."

Nikageuka.

Hakukuwa na mtu. Hata Makokha hakuwepo.

"Uko na mtoto mchanga nyumbani?" aliuliza.

Nilishika simu mfukoni.

"Basi usiende huko," alisema, akamwaga maji ya karai. "Mukhisa alikuwa anapenda watoto sana. Wake walikufa wote, wakiwa wadogo. Hatujui ni kwa nini. Hatukuuliza."

Nilikimbia. Nilicheka hata, juu ya bodaboda, upepo ukinichapa kichwa kitupu. Ushenzi, nikajiambia. Nina diploma. Najua maji yanapita wapi chini ya mawe.

Lakini harufu ya udongo mbichi ilipanda nami. Na mwendeshaji akasema, bila kugeuka, "Boss, ungeniambia mko wawili."

Kiwanjani jua lilikuwa limelala juu ya mahindi. Tulipanga mstari. Jelagat alihesabu kwa kalamu, akasimama, akahesabu tena.

"Kumi na mbili. Nina tiketi kumi na moja." Akanitazama. Akatazama juu ya bega langu. "Huyo mko pamoja?"

"Nani?"

"Huyo. Mwambie arudi nyuma ya uzio." Kisha uso wake ukabadilika. "Mbona ana udongo mdomoni?"

Sikugeuka.

Simu ilitetemeka mfukoni. Nyambu alikuwa ametuma picha. Nyaruai amelala, mdomo wazi, kiganja kimefunguka.

Nikatoka kwenye mstari.

Ndege ikaruka bila mimi. Nilimwambia Nyambu nimeugua. Wiki ya pili nikamwambia ni kazi. Mwezi wa tatu aliacha kuuliza. "Kaa huko basi," alisema. "Na huyo unayekaa naye."

Ndiyo. Nakaa naye. Nimepanga chumba Matisi. Usiku na mchana husimama pembeni ya kitanda, na anaponiona nafungua picha za Nyaruai, husogea karibu aone vizuri.

Nilimfuata Makokha hadi Misikhu nimpige. Nilimkuta sokoni akiuza vitunguu, binti yake mdogo mapajani. Hakukimbia.

"Ungekuwa mimi ungefanya nini?" aliuliza.

Nilimtukana mpaka watu wakajaa. Akangoja nimalize.

"Atakuachilia siku boma letu litakaponyoa tena," alisema. "Usiwe wa mwisho. Na mama yetu hali si nzuri."

Mama yao alizikwa juzi. Nakhumicha alinipigia mwenyewe, akaniambia siku, akaniambia saa, akakata.

Leo ni siku ya tatu. Makokha amelala hapo bomani tangu jana. Mimi nimekaribishwa, lakini lazima mtu aje nyuma yangu, na mwenye damu yao hakubali.

Niko kwenye uzio wa kiwanja cha ndege. Ndege ya Lodwar imetua, na kuna ukungu Nairobi. Msichana ameshuka na begi dogo. Anatazama saa. Anatazama huku na huku kama mgeni.

Ana nywele nyingi, nzuri.

"Sasa," nimemwambia. "Uko na muda?"