Chembe ya Shaba Chini ya Ncha

Mwili ulikuwa umelala kifudifudi mbele ya mashine ya kukereza vyuma, mkono mmoja chini ya tumbo. Damu ilichanganyika na mafuta ya kupoozea chuma, ikatambaa polepole mpaka kwenye mtaro.

"Kipande kimemwingia shingoni," daktari wa polisi alisema. "Hakizidi punje ya mtama."

Inspekta aliinama. Ncha ya kukatia, kile kipande kigumu cha pembe nne kinachofungwa kwa skrubu kwenye kisu cha mashine, ilikuwa imepasuka.

Meneja alikuwa ameshaandika ripoti yake: uzembe wa marehemu.

"Hakusafisha pale ncha inapokalia," alieleza. "Chembe ikibaki chini, ncha haikai sawa. Ikianza kukata, inapasuka. Mambo yako wazi, Afande."

"Si kweli!"

Binti wa marehemu, naye fundi wa karakana hiyohiyo, alisimama kando. Ovaroli yake ilikuwa na damu ya baba yake.

"Ninyi wenyewe mlimbandika jina la Brashi! Hakuwahi kufunga ncha bila kupasafisha kwanza. Afande, baba nimeshampoteza. Uzembe asizikwe nao."

"Mnazika lini?"

"Kesho saa tisa."

Inspekta alikitia kisu kwenye mfuko wa ushahidi, akakipeleka maabara. Jibu lilikuja asubuhi: chini ya ncha kulikuwa na chembe ya shaba ya manjano, imebanwa hadi ikawa bapa.

Alimtafuta yule binti.

"Mwanangu, baba yako alikuwa akikereza shaba?"

"Hapana. Wiki nzima chuma cha pua tu."

"Nani alikereza shaba jana?"

"Msimamizi wa zamu peke yake, kwenye mashine ya pembeni."

"Na ncha ile ilifungwa saa ngapi?"

"Baba aliifunga kabla ya chai ya saa nne. Tukatoka wote." Kisha akakumbuka. "Msimamizi ndiye aliyechelewa kutufuata."

Mchana huo mashine zote zilikuwa zimezimwa. Karakana ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mafuta yakidondoka. Msimamizi wa zamu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, aliitwa mbele ya Inspekta na meneja.

"Wenzako wakinywa chai, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafagia."

Fundi mmoja mlangoni alicheka puani. "Bosi afagie? Ufagio wenyewe anaujua?"

Inspekta alimwashiria atoke, akafunga mlango. Akamwekea msimamizi kisu kitupu na ncha mpya.

"Nifungie."

Msimamizi alishika brashi, akapasafisha pale ncha inapokalia. Akapuliza. Akasafisha tena. Alipotaka kuiweka ncha, alisita, akasafisha mara ya tatu. Ndipo akachukua bisibisi.

"Nimehoji mafundi kumi na wawili," Inspekta alisema kwa upole. "Wote wanasema wewe na brashi hamjuani. Leo umesafisha mara tatu. Unaona nini hapo?"

Msimamizi aliendelea kupatazama pale ncha inapokalia.

"Unaona nini, bwana?"

Msimamizi aliiweka bisibisi chini.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Nikapanda cheo, nikawa mkubwa wake. Lakini kila nikifunga ncha, anakuja, anaifungua, anasafisha, anaifunga upya. Mbele za watu. Wala haongei. Miaka kumi na moja, Afande! Wakaanza kuniita Mtoto wa Brashi."

"Ukaweka shaba."

"Niliilegeza skrubu, nikaiweka, nikakaza. Nilitaka impasukie, aharibu kazi mara moja tu. Watu wamcheke na yeye."

Meneja aliichana ripoti yake vipande viwili, bila kuambiwa.

"Wakamcheka?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna aliyecheka. Mashine zilikuwa zinanguruma, hata hawakujua kama ameanguka. Mimi nilijua. Nilikuwa namtazama."

"Na mashine yake ilikuwa bado inazunguka?"

"Ilikuwa inazunguka."

"Kwa nini hukuizima?"

Msimamizi aliisukuma brashi kando.

"Nilisimama tu," alisema. "Binti yake ndiye aliyekuja kuizima."