Kanyaga, Shikilia, Achia

Kila Jumamosi mchana Mama alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka kikombe chake cha chai kikaisha. Kisha alisema maneno yaleyale.

"Haya, Nukta. Twende tukamwamshe mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa gari. Lilikuwa gari la mbio, fupi, la milango miwili na viti viwili tu, limelala uani chini ya turubai tangu mjomba alipofariki. Mjomba alikuwa kaka wa pekee wa Mama. Alilipenda gari lile kuliko chakula, na alipoondoka hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliuza wala wa kuligusa. Panya walijenga ndani ya viti. Kutu ilikula milango kutoka chini kwenda juu.

Nukta halikuwa jina lake la shule. Alizaliwa mdogo mno, na babu yake alipoletewa amwone alisema, "Huyu si mtoto, hii ni nukta." Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina bado lilimkaa vizuri, kwani darasani hakuna aliyekuwa mfupi kuliko yeye.

Kazi zake uani zilikuwa nyingi. Alisugua kutu kwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Aliosha nati kwa mafuta ya taa. Alichambua pamba iliyoharibiwa na panya. Mikono ilinuka hata baada ya kuoga, na shuleni mwenzake wa dawati, mtoto wa jirani aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia, alikuwa akimuuliza, "Leo umenawa na sabuni au na petroli?"

Mama naye alikuwa na kazi mbili. Kutwa alisimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akivuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine, akiyanyoosha, akiyakunja. Akirudi, alishika spana. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa sabuni. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Ukimuuliza kama amechoka, alijibu neno moja tu: "Nipo."

Walikuwa na haraka kwa sababu ya Babu. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hayatarudi. Rangi karibu zote zilikuwa zimemwacha, isipokuwa njano. Ndiyo maana Mama alilipaka gari njano, kama lilivyokuwa zamani. Babu aliketi karibu na dirisha la nyuma kila siku, akaligeukia gari.

"Naliona," alikuwa akisema. "Kama ua kubwa hivi. Nikilipanda mara moja, nikazunguka mtaa mmoja tu katika gari la mwanangu, macho yanaweza kwenda yanakotaka."

Injini ilikuwa imekwisha kuwaka. Zilibaki breki.

"Mabomba haya yanatakiwa kujaa mafuta matupu," Mama alimweleza Nukta. "Hewa ikiingia, hata kidogo, pedali inakuwa laini kama mto na gari halisimami. Kwa hiyo tunaitoa hewa. Wewe unakanyaga, mimi nafungua nati hapa kwenye gurudumu, hewa inatoka. Nafunga nati. Ndipo unaachia. Ukiachia kabla sijafunga, linavuta hewa mpya na kazi yote imekwenda na maji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mimi huku chini sioni mguu wako. Nakuona kwa masikio tu. Ukisema umeshika, kwangu umeshika."

Mama akalala chini, mpira mwembamba ukitoka kwenye nati na kuingia ndani ya chupa. Nukta alikaa kwenye ukingo wa kiti cha dereva, kwa kuwa akikaa vizuri mguu haukufika.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshika."

"Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu moja, la pili, la tatu. Pedali ilikuwa nzito. Kila mara Nukta alilazimika kushika usukani kwa mikono yote miwili ili asirudi nyuma. Jua lilipiga boneti na joto likamrudia usoni. Walipofika gurudumu la mwisho, paja lake lilikuwa likitetemeka lenyewe.

Redio alichungulia juu ya ukuta. "Nukta, hilo gari lenu linakwenda, au mnalipandia kupunga upepo?"

"Shikilia," Mama alisema kutoka chini.

"Nimeshika," Nukta alijibu. Hapohapo mguu ukafa ganzi, ukateleza. Pedali ikaruka juu.

"Nukta, umeachia?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini Redio alikuwa ukutani ametega masikio, na kusema ndiyo kulikuwa na maana ya kuanza upya, na jua lile, na paja lile.

"Hapana, Mama. Nimeshika."

"Haya." Nati ikafungwa.

Mama alipoketi kwenye usukani na kujaribu pedali, ilizama polepole mpaka chini. Akajaribu tena. Ikazama tena.

"Nukta, kila mara ulishikilia mpaka nikasema achia?"

"Kila mara."

Mama akatikisa kichwa. "Basi hewa haikuingia. Kuna mahali panavuja."

Kuanzia hapo Nukta hakupata amani. Kila jioni Mama alirudi kutoka kwenye mashuka, akavua viatu, na safari hii hata chai hakunywa. Aliingia chini ya gari na tochi na kitambaa. Alifuta kila kiungo cha bomba na kungoja kuona kama kitalowa. Hakuna kilicholowa. Alifungua magurudumu yote manne, akapapasa kila mpira. Yote yalikuwa mazima. Nukta alimshikia tochi. Mara nyingi maneno yalimfika kooni, lakini kila siku iliyopita iliyafanya mazito zaidi, kwa sababu sasa ilimbidi aeleze si mguu tu, bali pia kwa nini alinyamaza jana, na juzi.

Jioni moja alimkuta Mama amelala fofofo chini ya gari, spana imelala kifuani.

"Mama, umechoka?"

Mama alifumbua macho. "Nipo," akasema, na kujiburuta nje. Alikaa chini akiwa ameegemea tairi, akalitazama gari kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuaga.

"Ni pampu kuu ya breki," alisema. "Kila kitu kingine kizima. Na pampu ya gari hili haitengenezwi tena popote. Nimeshindwa, mwanangu. Nitamwita mtu wa vyuma chakavu."

Usiku ule Nukta aligeukageuka kitandani.

Mtu wa vyuma chakavu alikuja Jumamosi asubuhi na lori lake, mtu mnene mwenye kofia iliyofifia. Alilizunguka gari, akalipiga paa kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji.

"Limependeza," alisema. "Basi tu. Likiyeyushwa hili, mtaa mzima unapata sufuria."

Mama hakucheka. Babu alikuwa amesimama mlangoni akishikilia fremu.

"Sauti hiyo ya nani?" aliuliza. "Mbona wanalipiga?"

"Amekuja kulichukua, Baba," Mama alisema taratibu. "Breki hazikubali. Nimejaribu yote."

Babu hakubisha. Alilielekezea uso lile ua lake la njano, akalitazama kwa muda mrefu. "Sawa," alisema. "Basi niacheni nilione mpaka lipinde kona."

Nukta alimsogelea Mama.

"Mama," alisema. "Pampu haijafa."

"Nini?"

"Niliachia." Sauti ilitoka nyembamba. "Gurudumu la mwisho. Mguu ulikufa ganzi, pedali ikaruka kabla hujafunga nati. Ukaniuliza, nikasema nimeshika. Sikuwa nimeshika."

Mtu wa vyuma chakavu aligeuka kulitazama lori lake, kama mtu aliyejikuta katikati ya mambo ya watu. Mama alikaa juu ya tairi la akiba. Nukta alingoja kelele, lakini Mama alikuwa amechoka mno hata kwa kelele.

"Wiki nzima," alisema hatimaye. "Nimelala chini ya gari wiki nzima nikitafuta ugonjwa ambao haupo. Na wewe umenishikia tochi."

"Nisamehe, Mama."

"Utanisaidia kurudia. Magurudumu yote manne."

Mtu wa vyuma chakavu alivaa kofia yake vizuri. "Mimi nakwenda, dada. Chuma hakiozi upesi. Mkishindwa tena mnayo namba yangu." Akatazama gari, akatikisa kichwa. "Natumaini hamtapiga."

Wakaanza upya. Kanyaga, shikilia, achia. Redio alitokeza ukutani, akafungua kinywa, akaona nyuso zao, akakifunga. Gurudumu la tatu, paja la Nukta lilianza tena kutetemeka.

"Mama, mguu unachoka. Nitashindwa kushika."

Nati ikafungwa palepale. "Achia," Mama alisema. "Pumzika. Ukiwa tayari utaniambia."

Nukta akanyoosha mguu nje ya mlango. Upepo kidogo ulipita uani. Hakuna kilichoharibika. Baada ya muda alisema, "Tayari," wakaendelea.

Walipomaliza, Mama alikanyaga pedali. Ilishuka kidogo, ikasimama imara kama ardhi. Akaikanyaga tena, akaishikilia. Haikuzama. Aliwasha injini, akalisogeza gari hatua chache uani, akafunga breki. Gari likasimama hapohapo.

Alizima injini na kumwita Nukta akae kiti cha pili.

"Sikiliza," alisema. "Mguu kuchoka si kosa. Mguu ni nyama. Hata kuteleza si kosa. Ungesema, tungerudia gurudumu moja, basi. Kosa ni kuniambia umeshika nawe umeachia. Mimi nilikuamini, kwa hiyo pale lilipokuwa tatizo sikutafuta, nikatafuta kila mahali pengine. Uongo wako ulikuwa wa neno moja, lakini niliyeubeba ni mimi. Na kama ningeliingiza gari barabarani na Babu yumo, je?"

Nukta aliinamisha kichwa. "Nimeelewa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini wewe pia, Mama, nikikuuliza kama umechoka, unasema 'Nipo' tu."

Mama alipapasa usukani uliokuwa wa kaka yake.

"Hilo nalo ni kweli," alisema.

Kesho yake fundi wa jirani alizikagua breki akaridhika nazo, na Babu akavalishwa shati safi. Viti vilikuwa viwili tu, kwa hiyo Nukta alisimama langoni na Redio, wakalitazama ua la njano likipita mtaa mzima, likipunguza mwendo vizuri kwenye kona, likipotea, kisha likirudi. Mkono wa Babu ulikuwa nje ya dirisha, vidole vimefunguka kama anayehesabu upepo.

"Linasimama," Redio alisema, akishangaa.

"Linasimama," Nukta alisema.

Babu alipokwisha kuingizwa ndani, Mama alibaki kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono mapajani. Nukta alichuchumaa karibu na gurudumu.

"Mama, umechoka?"

Mama aliegemeza kichwa, akafumba macho.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nimechoka sana."

"Basi lala," Nukta alisema. "Chai nitapika mimi."