Gitaa Jekundu la Georgette

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Georgette alifagia uwanja wa baba yake. Baba Gaspard alikuwa fundi wa mitumbwi katika mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, na upepo wa ziwa ulitawanya maranda ya mbao zake hadi mlangoni mwa jiko. Georgette aliyakusanya kikapuni, na mama yake, Mama Ernestine, akawashia moto wa kukaangia ndagala, dagaa wa ziwani. Kazi ikiisha, msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliketi juu ya mbao akapiga gitaa mpaka kengele ya shule ilipolia.

Gitaa lake lilikuwa kavu, yaani lisilotumia umeme. Alipewa na shangazi yake Concilie, dada mdogo wa baba, ambaye pia ndiye aliyemfundisha kulipiga. Rangi yake ilikuwa imebanduka, lakini sauti ilikuwa nzuri. Mwaka ule wa 1964, mwaka wa nne tangu uhuru, Concilie alikuwa amechumbiwa. Harusi ilipangwa mwezi wa nane, na Georgette alikuwa ameahidi kupiga gitaa wakati bibi harusi anatoka hapo nyumbani kwa kaka yake.

Siku moja ya mwezi wa nne alipita Modeste, kijana aliyechuuza vitu kutoka Bujumbura. Begani alibeba gitaa la umeme, jekundu, linang'aa kama sahani mpya. Georgette alikuwa amezisikia sauti za magitaa kama hayo redioni, katika muziki wa Léopoldville, mji mkuu. Aliuliza bei, akakata tamaa. Modeste akatazama lile gitaa kavu lililoegemea ukuta.

"Weye unipe lile, minye nikupe hili," alisema. "Katika magitaa yote ya umeme, bei ya hili iko ndogo. Na ni jipya."

Mama Ernestine alimwambia binti yake angoje baba arudi kutoka Kamanyola, alikokwenda kutafuta mbao. Lakini Georgette aliogopa Modeste asije akampa mtu mwingine. Alipapasa nyuzi kidogo, akaitazama tena ile rangi, wakabadilishana.

Baba aliporudi, aliligeuza gitaa mkononi na kuuliza kama amelijaribu vizuri. Georgette alijibu kwamba Modeste alisema ni jipya.

Pale nyumbani palikuwa na redio kubwa iliyotumia betri ya gari, na nyuma yake palikuwa na tundu la kuunganishia gramafoni. Wakachomeka waya wa gitaa humo. Sauti ilitoka kubwa ajabu, ila furaha ya Georgette haikudumu. Nyuzi zilikaa juu mno, mbali na shingo ya gitaa, na kuzibana kuliumiza vidole. Hata alipofaulu kuzibana, sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoikusudia. Funguo za kukazia nyuzi nazo zililegea zenyewe. Nyimbo alizozipiga bila kufikiri kwenye gitaa kavu sasa zilimshinda. Akajisemea kwamba Modeste akirudi, atamwomba gitaa lake la zamani.

Modeste hakurudi. Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira. Shule ilifungwa, na njia ya kwenda Bujumbura kupitia mpaka wa Kavimvira ikafungwa pia. Jioni majirani walijaa sebuleni kwa Baba Gaspard kusikiliza habari za vita, sauti ya redio ikiwa chini. Betri ilibidi itunzwe kwa ajili ya habari hizo, na hakuna aliyetaka kusikia mambo ya gitaa.

Kisha Concilie alikuja kuwatembelea. Aliomba apigiwe kidogo, ndipo alipojua kwamba gitaa alilolitoa lilikwenda na mchuuzi. Akaushika uzi mmoja wa lile jekundu, akauachia.

"Nilitaka nitoke nyumbani nikisikia lile," alisema.

Georgette alitamani angegombezwa. Shangazi alipoondoka, alichukua tupa ya baba akaenda nyuma ya nyumba. Penye kichwa cha gitaa palikuwa na kipande kidogo cheupe chenye mifereji ambamo nyuzi zilipita. Aliona kwamba akiichimba mifereji ile, nyuzi zitashuka. Basi akachimba kwa hasira, mfereji mmoja baada ya mwingine, bila kupima. Aliporudisha nyuzi na kuzipiga, ziligusa vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo zikalia kama nyuki ndani ya kopo. Na huku chini, karibu na kiwiliwili cha gitaa, bado zilikuwa juu vilevile.

Alilirudia tena akaliharibu zaidi. Mwisho alitupa tupa chini, akachukua bisibisi afungue na bamba la mbele, penye waya za umeme, labda ubaya umejificha humo. Baba Gaspard, aliyekuwa akipita na ubao, alimshika mkono.

"Ubaya uko wapi?" aliuliza.

"Mahali pote, Papa. Gitaa hili ni bovu."

"Hilo si jibu. Mtumbwi ukiingiza maji, sisemi mtumbwi wote ni mbovu. Ninatafuta maji yanapoingilia. Usiguse kitu tena mpaka uweze kunionyesha kwa kidole."

Georgette alikasirika. Aliona baba anamnyima msaada huku harusi inakaribia. Siku nzima hakuligusa gitaa. Kesho yake, kwa kuwa hapakuwa na shule wala kitu kingine cha kufanya, alilichukua tena, safari hii bila chombo chochote. Alilitazama kwa ubavu, kama baba alivyoutazama ubao kuona kama umepinda. Alibana kila uzi mahali mbalimbali, akasikiliza. Mara nyingi hakuona kitu, akaliacha kwa uchungu, akalirudia.

Hatimaye aligundua kwamba kadiri nyuzi zilivyokaribia kiwiliwili ndivyo zilivyokuwa mbali na shingo. Shingo yenyewe haikupinda. Ilikuwa imeinamia mbele pale ilipofungwa kwa skrubu kwenye kiwiliwili. Akakimbia kwa baba akamwonyesha kwa kidole.

"Sasa tuna kazi," Baba Gaspard alisema, akampa bisibisi.

Walilegeza skrubu. Georgette aliranda kijiti kikawa chembamba kama karatasi nzito, akakitia ndani ya kiungo, chini ya mwisho wa shingo, ili kichwa cha gitaa kirudi nyuma kidogo. Walipokaza tena, nyuzi zilikuwa zimeshuka. Lakini kile kipande cheupe alichokichimba kilikuwa kimeharibika kabisa. Alipouliza kama baba atamtengenezea kingine, baba alisema aliyekiharibu ndiye atakayekitengeneza.

Alipata mfupa wa ng'ombe kwa muuza nyama. Kipande cha kwanza alichokichonga kilivunjika. Kingine kilikuwa na mifereji isiyolingana, akakitupa huku analia. Vidole vyake vilijaa vumbi la mfupa na mikwaruzo. Alianza upya, akipima kwanza, akichimba kidogo, akijaribu uzi, akichimba tena. Kazi hiyo ilikula siku nyingi. Uzi wa mwisho ulipotulia mahali pake na kutoa sauti safi, alikuwa amechoka mno hata hakufurahi. Akaanza mazoezi.

Harusi ilifanyika mchana, kwa sababu jioni watu wenye silaha walikataza kutembea. Jamaa wa kijiji cha Kiringye hawakuweza kufika. Majirani walinung'unika kidogo kwamba redio imetolewa nje kwa ajili ya muziki, lakini Baba Gaspard hakuwasikiliza. Concilie alipotoka mlangoni, Georgette alipiga. Funguo zililegea kama kawaida, na baada ya kila wimbo alilazimika kuzikaza huku wageni wakingoja. Sauti haikuwa laini kama ya gitaa kavu. Hata hivyo ilisikika hadi barabarani, na watu waliokuwa wakipita kwa woga walisimama kidogo. Concilie alikuja kucheza mbele yake, akicheka.

Walipokuwa wakikunja waya, Georgette alimwuliza baba kama gitaa lile lilistahili taabu yote ile.

Baba Gaspard alifikiri kwanza. "Kitu cha bei ndogo si lazima kiwe kibaya," alisema. "Ila mara nyingi aliyekitengeneza ameacha kazi haijaisha, na kazi hiyo inakuja kwako. Kwa hiyo, kabla ya kununua, jaribu kwa mikono yako, usinunue kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Na kabla ya kukata, jua ubaya uko wapi. Weye ulishika tupa kwanza, ukafikiri baadaye."

"Na lile la Shangazi?"

"Lile lilikuwa zuri kuliko hili, nawe ulilitoa kwa sababu ya rangi. Hilo lilikuwa kosa, na hatuwezi kulifuta. Lakini hili lilikuja kwako likiwa ubao wenye nyuzi, na leo limemtoa bibi harusi nyumbani. Kazi hiyo ni yako, mwanangu. Usiione ndogo."