Kilomita Saba Kutoka Mpemba

“Usimkamate mtu,” sauti ya Mkuu ilisema kwenye simu. “Nataka Vermaak akutwe na mota yenyewe, porini. Wewe hakikisha tu anachagua vibaya.”

Lusubilo akaitia Nokia mfukoni, akaingia ndani ya yadi.

Ilikuwa nyuma ya maduka ya matairi, Tunduma, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Masanduku mawili yalikuwa wazi juu ya turubai. Kwenye moja, mota, mzinga mfupi wa kurushia mabomu, ya milimita sitini. Kwenye jingine, ya mia na ishirini.

Vermaak, mamluki aliyejifunzia Kiswahili chake vitani Kongo, alikaa juu ya tairi akivuta Dunhill. Waliomtuma walitaka kitu kimoja: ghala la mafuta lililo nje ya Mpemba liwake, barabara ifungwe, shaba ya Zambia ihamie bandari ya nchi nyingine.

Kwake yeye, Lusubilo alikuwa sajenti wa mota aliyefukuzwa jeshini kwa ulevi. Usajenti ulikuwa wa kweli. Ulevi ulitungwa na Idara ya Usalama, iliyomtuma pale.

“Chagua, fundi.”

Ambakisye, dalali wa mpakani aliyeyavusha masanduku yale chini ya magunia ya mahindi, hakusubiri.

“Hii ndogo, bosi. Mtu mmoja anaibeba begani. Unapiga, unafungasha, unapanda pikipiki. Hilo dubwana tutalipeleka wapi?”

Alikuwa sahihi kabisa. Lusubilo alilijua hilo.

“Ndogo inafika kilomita tatu na kidogo,” alisema. “Umbali huo kuna doria. Utapiga mbili, wameshakuzunguka. Kubwa inafika saba. Unapiga ukiwa kwenye vilima vya Ileje. Wao wakihangaika kukutafuta, wewe uko Malawi.”

“Uzito?”

“Lori si lipo?”

Vermaak alilitazama lile bomba refu. Akalipapasa.

“Kubwa,” alisema.

Hesabu ya Lusubilo ilikuwa nyepesi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Lori lingenasa kabla ya kufika kilimani, na kikosi cha polisi kingewakuta hapo hapo wakisukuma.

Na kweli lilinasa.

Alasiri, chini ya kilima, magurudumu ya nyuma ya Isuzu yalizama hadi kwenye ekseli. Lusubilo akajifanya anakwenda haja, akapiga simu kichakani.

“Tumenasa. Waleteni.”

“Kikosi kimekwama,” Mkuu alijibu. “Semitrela imelala katikati ya barabara Mpemba, hakuna kinachopita. Wacheleweshe.”

“Hadi lini?”

Mtandao ulikuwa umekata.

Aliporudi, alikuta jambo ambalo hakulipigia hesabu. Vermaak alikuwa ameingia shamba la kahawa la jirani na AK mkononi, akatoka na wakulima. Mbele yao alisimama mzee mmoja aliyevaa koti la mvua la njano, na mkewe pembeni.

“Bwana, mgongo wangu ni mbovu,” mzee alisema kwa upole. “Waulize hawa. Gwamaka habebi hata gunia.”

“Leo utabeba.”

Walifunga miti miwili kwenye bamba la chini, lile linaloishikilia mota ardhini, chuma kinachozidi uzito wa mtu mzima. Wanaume wengine walibebeshwa bomba na miguu yake ya chuma, wanawake wakatwishwa mabomu vichwani, bomu moja kila mmoja, kama ndoo za maji.

Vermaak alikuwa na vijana watatu wenye bunduki. Lusubilo alikuwa na bastola moja, Makarov, ndani ya jaketi.

Akaingiza bega chini ya mti, nyuma ya Gwamaka.

“Mwanangu,” mzee alinong'ona wakipanda, “kuna watu wanakuja kutusaidia?”

“Wapo, mzee.”

“Wako wapi?”

Lusubilo aligeuka kutazama barabara. Ilikuwa tupu.

Karibu na kilele, mguu wa Gwamaka uliteleza.

Alianguka chali. Mti ulichomoka, na bamba likamfuata kifuani.

Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Tupokigwe, mkewe. Alilitupa bomu kwenye nyasi, akapiga magoti. Wenzake walipolinyanyua bamba, hapakuwa na la kufanya.

“Nilisema ndogo, sajenti,” Ambakisye alisema. “Si nilisema?”

Tupokigwe akainua uso.

“Kumbe ni wewe uliyechagua?”

Lusubilo akainama, akaushika tena mti.

“Twende!” Vermaak alifoka.

Walimwacha mama pale pale. Bamba likapanda.

Juu kulikuwa na shamba la viazi lililotoka kuvunwa, udongo laini kama uji. Lusubilo akalisimika bamba hapo hapo, bila jiwe wala gogo chini yake. Akageuza bomba kuelekea bonde lisilo na mtu. Vermaak alijua bunduki. Mota hakuijua.

“Piga.”

Alidondosha bomu ndani ya bomba.

Kilima kilitikisika. Moshi ulifuka kule bondeni, mbali sana na ghala. Bamba lilizama upande mmoja, miguu ikapinda, bomba likalala.

Vermaak alilitazama bomba. Kisha akamtazama Lusubilo. Akaelewa.

AK ilianza kuinuka.

Makarov ilitangulia. Mara mbili.

Vijana wale watatu hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya maiti. Walitupa silaha, wakatimka na Ambakisye. Wakulima nao walitawanyika mashambani.

Mtandao ulirudi.

“Imekwisha,” Lusubilo alisema. “Vermaak amekufa. Ghala ni salama.”

“Hasara?”

“Mmoja. Mzee wa hapa.”

“Nauliza wetu.”

“Hakuna.”

“Safi. Kikosi kinaingia sasa. Ondoka, polisi wasikuone.”

Alifuta bastola, akaifunga zipu ya jaketi, akashika njia ya kuteremka. Ving'ora vilianza kusikika kwa mbali.

Tupokigwe alikuwa bado pale, yeye na jirani mmoja, mwanamke mwenzake. Walikuwa wamemlaza Gwamaka juu ya kitenge wampeleke nyumbani.

“Hata wewe utafaa,” Tupokigwe alimwambia Lusubilo. “Shika miguu.”

Lusubilo alisimama.

Ving'ora vilisogea.

Akapita. Alitembea kama walivyomfundisha, taratibu, mikono mifukoni, bila kugeuka. Nyuma yake aliwasikia wakihesabu moja, mbili, tatu, ili wanyanyue pamoja.

Hawakuweza. Wakaanza kuhesabu upya.